Bikoni Namba Kumi na Nne

Saa saba kasorobo mchana bikoni ya mpaka namba kumi na nne ilianza kulainika, na Eustace akahamisha sahani yake ya ugali asije akala zege. Alikuwa ameketi hapo tangu saa sita, mgongo umeegemea bikoni, miguu kwenye kivuli cha mgomba, na maharage yalikuwa bado ya moto. Kwanza bikoni ilipoteza pembe zake nne za juu. Kisha kiuno kikalegea, namba yake nyekundu ikarefuka, na bikoni nzima ikashuka taratibu kufuata mteremko, ikazunguka kisiki cha mshelisheli, ikaingia kwenye mstari wa kwanza wa maharage ya mkewe. Eustace alimaliza kula, akanawa, akaenda kusoma kipimajoto alichokuwa amekifunga kwenye mti. Kilisema digrii thelathini na tatu.

Saa kumi na nusu, upepo wa mlimani ulipoanza kushuka, bikoni ilijikusanya, ikanyanyuka hadi usawa wa goti, ikakauka. Namba 14 ilisomeka vizuri, imelala kidogo upande wa kushoto. Eustace alipima kwa hatua zake mwenyewe, akafungua daftari la ofisi. Daftari lilikuwa na safu tatu, zimepigwa mistari huko huko mjini: joto, hatua, na wavamizi. Akaandika thelathini na tatu, akaandika moja na nusu. Safu ya wavamizi aliiacha wazi, kama alivyoiacha siku zote.

Mama mmoja alipita na mzigo wa kuni kichwani.

"Mlinzi, kashuka leo?"

"Kashuka."

"Ngapi?"

"Moja na nusu."

"Jana alishuka moja tu."

"Jana kulikuwa na mawingu, mama."

"Haya, jioni njema," akasema yule mama, akaendelea na safari yake, kwani kuni zilikuwa nzito.

Sasa kabla mtu hajaanza kumlaumu Eustace, amwachie mwenyewe hiyo kazi, kwa sababu anaiweza na ana uzoefu nayo. Huwa anaianza asubuhi wakati wa kupiga mswaki, anapumzika kidogo mchana, anaimalizia kitandani. Mwezi wa Juni mwaka ule ofisi ya mipaka ilileta mifuko kumi ya saruji Mhande, kitongoji chao kilichoko juu ya Matombo, ili msitu wa hifadhi ulioko juu utenganishwe na mashamba yaliyoko chini kwa bikoni ishirini. Eustace aliteuliwa kuwa fundi kwa sababu aliwahi kuchanganya zege Mwembesongo kwa miaka sita. Aliteuliwa pia kuwa mlinzi wa bikoni hizo baada ya kujengwa, kwa sababu hakuna mwingine aliyeomba. Wiki ile ile mama mkwe wake, Bi. Yuliana, alifariki dunia.

Shamba lilikuwa la Prisca, mke wa Eustace, kama lilivyokuwa la mama yake na la bibi yake kabla ya hapo. Ndivyo ilivyo milimani: mwanamume anayeoa huja na jembe lake na adabu zake, watoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Eustace alikuwa ameishi hivyo miaka ishirini na miwili na hakuwa na neno. Ila kwenye vikao vya ukoo mkeka wake ulikuwa karibu na mlango, pale penye upepo, pale panapowekwa wageni na viatu. Wakwe zake walimheshimu sana. Hawakuwahi hata siku moja kumuuliza anaonaje.

Basi kwenye ule msiba shetani akamwonyesha mifuko kumi ya saruji imepangwa chini ya turubai. Eustace akajiambia ataazima mfuko mmoja, kaburi la mama lisimame vizuri. Kisha akajiambia mifuko miwili ni kama mfuko mmoja mkubwa. Alipoamka kwenye hesabu hizo, Bi. Yuliana alikuwa amelala chini ya mifuko sita: msingi, bamba zito, msalaba, na kibaraza kidogo cha watu kukalia wanapokuja kumsalimia. Mjomba Castory, mkubwa wa ukoo, alilipiga kaburi kisigino mara tatu.

"Kaburi hili limeshiba," akasema.

Jioni ile mkeka wa Eustace ulisogezwa hadi katikati ya chumba, na shangazi mmoja akamuuliza anaonaje kuhusu siku ya arobaini. Eustace hakuwa na maoni yoyote, lakini aliyatoa kwa muda wa nusu saa. Hata leo akilikumbuka swali lile mwili unamsisimka.

Mifuko minne iliyobaki ikatengeneza bikoni ishirini. Alichanganya udongo mwekundu, majivu ya jikoni kwa Prisca, mchanga wa mtoni na saruji kidogo kama ya kuombea dua, akapaka chokaa juu, akaandika namba kwa rangi nyekundu. Mwezi wa Julai afisa mipaka, Bwana Luqmani, alipanda kutoka mjini kuja kuzikagua. Alizigonga kwa kalamu moja baada ya nyingine, zikalia. Julai huku juu hata uji unashika umbo la bakuli, kwa hiyo bikoni zote zilifaulu. Septemba jua lilirudi, na siku ya kwanza kipimajoto kilipopita thelathini bikoni zikaanza kushuka.

Eustace hakushangaa. Darasa la tano mwalimu wa sayansi aliwahi kumwambia ataje kitu kimoja kilicho yabisi, naye akajibu jiwe, kama halijapata jua sana. Alichapwa fimbo mbili, akafundishwa upya mbele ya darasa: yabisi ina umbo lake, kimiminika hufuata umbo la chombo, gesi haina umbo wala mipaka, na anayezibadilisha ni joto. Alikariri akafaulu. Ila moyoni alibaki na msimamo wake kuhusu jiwe, na sasa alipokuwa sahihi mwalimu alikuwa ameshafariki.

Shida haikuwa kulainika. Shida ilikuwa mteremko. Msitu uko juu, mashamba yako chini, na kitu kilichoyeyuka hakijawahi kupanda mlima kwa hiari yake. Kila siku ya jua hifadhi ilikua kwa hatua moja. Na kaburi la Bi. Yuliana lilikuwa chini ya bikoni namba kumi na nne, katikati ya migomba. Septemba lilikuwa umbali wa hatua sitini. Siku ile ya ugali na maharage, katikati ya Novemba, zilikuwa zimebaki thelathini na moja.

"Baba Innocent," Prisca alimwambia jioni hiyo akichambua mchele, "hiki kitu kinakwenda kwa mama."

"Nakiona."

"Kikimpita?"

Eustace alijua jibu, kwa kuwa lilikuwa kwenye kanuni alizosainishwa na nakala yake ilikuwa chini ya godoro. Ndani ya hifadhi hakuna kulima, hakuna kuokota kuni, hakuna kuchota maji, hakuna kuingia bila kibali. Akamwambia ataenda mjini.

Alishuka Morogoro kesho yake na suruali ya kanisani. Njia nzima alitunga maneno ya kuungama, akayapanga vizuri, na palipofaa akaweka machozi. Bwana Luqmani alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kwapa. Aliinuka kabisa kumsalimia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu kiti. Bikoni zetu hazijambo?"

Ofisini mle kulikuwa na kiyoyozi kinachounguruma. Eustace alisikia ubaridi umemshuka toka kooni hadi tumboni, na lile ungamo lote likaganda hapo katikati. Alimeza mate, halikupita wala halikutoka. Akajikuta anasema tu kwamba bikoni zinashuka.

Bwana Luqmani alifungua faili. "Kuna mtu anayezihamisha?"

"Hapana. Zinashuka zenyewe. Joto."

"Basi hakuna kosa," akasema Bwana Luqmani, akafurahi kwa niaba ya kila mtu. "Mpaka ni pale bikoni ilipo. Ndivyo kanuni inavyosema, haijasema bikoni iwe wapi."

"Na sisi tukizirudisha juu?"

"Hapo sasa mtakuwa mmehamisha alama ya mpaka, mzee. Hiyo ni jela."

"Na ikipanda yenyewe?"

"Ikipanda yenyewe, andika. Tutaheshimu." Akavuta droo, akamkabidhi Eustace kipimajoto kingine, kipya, kinachosoma hadi hamsini, akamsindikiza hadi mlangoni. Nje joto lilimpokea Eustace, na mara ungamo lote likayeyuka likamjaa mdomoni, kila neno mahali pake. Akalimwaga lote kwa mlinzi wa getini, ambaye alimsikiliza kwa heshima na kumuuliza kama ana vocha.

Kwa kuwa hakutaka kurudi mikono mitupu, alipitia Mwembesongo kwa Hidaya, muuza barafu, akanunua mabonge mawili yenye ukubwa wa jiwe la kusagia. Hidaya aliyafunika kwa vumbi la mbao na magunia matatu, akamwuliza ni ya harusi au ya samaki.

"Ni ya mpaka," akasema Eustace.

"Ya mpaka huwa hayafiki," akasema Hidaya, akayafunga kamba. Kibwana, kijana wa bodaboda, aliyapakia nyuma, Eustace akakaa juu ya magunia, na wakapanda Matombo kwa ile barabara ya mashimo. Alifika Mhande na magunia matatu ya vumbi la mbao lililolowa, na suruali ya kanisani imemganda matakoni kama kiraka. Barafu haikuwa imekosea chochote. Ilifuata sayansi kama ilivyofundishwa, na pengine ndiyo kitu pekee katika safari ile kilichofanya kazi yake.

Akajaribu kivuli. Alijenga kibanda cha majani ya migomba juu ya bikoni, na kwa siku tisa haikusogea hata kidole. Siku ya kumi alipata ujumbe wa simu kutoka ofisini kwamba kufunika alama ya mpaka ni sawa na kuificha. Akakibomoa mwenyewe na kupiga picha ya ushahidi, kidole chake kikiwa kimeziba nusu ya picha.

Ndipo Prisca alipoanza kuinywesha. Alianza tu siku moja saa tano asubuhi, na ndoo ya maji ya chemchemi, akaimiminia bikoni kidogo kidogo kuanzia utosini kama anamwogesha mgonjwa. Saa saba akairudia, saa nane akairudia. Bikoni ilitoa moshi kidogo ikatulia. Chemchemi ilikuwa karibu na bikoni namba kumi na tatu, mwendo wa kupanda na kushuka, na Prisca alikwenda huko mara kumi kila siku Desemba nzima na Januari nzima, hata sikukuu ya Krismasi akiwa na gauni jipya. Nywele zilimtoka pale ndoo inapokaa. Eustace alimsaidia ndoo za jioni, wakati ambapo hazikuhitajika tena, na akala chakula alichopikiwa na mwanamke aliyechoka hivyo, na kila tonge alilijua ni la mfuko wa ngapi wa saruji.

Februari ilikuja na joto lake. Bikoni namba tisa, ambayo ilisimama juu ya mwamba mtupu, haikupoteza muda kuyeyuka. Saa nane mchana, kwa digrii thelathini na nane, iligeuka mvuke wa kijivu na kuondoka. Jioni ukungu uliposhuka mvuke ule ulitua juu ya bati la jirani yao, Leonard, ukakaa kama unga wa saruji, nusu ya kushoto ya paa. Eustace aliripoti. Ofisi ikajibu kwamba mpaka unapita katikati ya nyumba, na tangu siku hiyo Leonard alilala hifadhini na kupika kijijini. Alipewa kibali cha kulala, kinachohuishwa kila baada ya miezi mitatu.

Wiki iliyofuata bikoni namba kumi na tatu, ambayo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinywesha, ilishuka ikapita chemchemi. Jioni hiyo Eustace alikwenda kumsubiri mkewe njiani. Alimwona anakuja na ndoo tupu kichwani, na kata yake mkononi.

"Mama Innocent," akamwambia, "huwezi kuchota tena. Chemchemi imeingia hifadhini."

Prisca aliitazama chemchemi, ambayo ilikuwa palepale, inatoa maji yaleyale.

"Nani atanizuia?"

Eustace akaipokea ile ndoo tupu, kwa sababu mlinzi wa mpaka Mhande alikuwa mmoja tu.

Bila maji bikoni namba kumi na nne ilianza kushuka hatua mbili kwa siku, na siku saba baadaye zilikuwa zimebaki hatua kumi na nne kufika kaburini. Baada ya chakula, Eustace alisema. Aliongea akiangalia jiko. Alisema mifuko sita, akasema udongo, akasema majivu yale yalikuwa ya jiko hilihili. Alisema alitaka kusogezewa mkeka. Alitarajia Prisca alie au amtupie kitu, na kwa tahadhari alikuwa ameshaweka sufuria mbali.

"Ninachoanikia iliki ni nini?" Prisca akamuuliza.

Eustace akatazama nje uani, kwenye kile kitanga cha magunia ya karatasi yaliyoshonwa pamoja, ambacho amekiruka kila siku tangu Juni. Kila gunia lilikuwa na muhuri wa ofisi ya mipaka, mkubwa, wa buluu. Yalikuwa sita.

"Ulijua."

"Kila mtu alijua. Mjomba alijua. Aligonga kisigino akasema limeshiba, ulifikiri anasemea nini?" Prisca alifuta mikono kwenye khanga. "Tulinyamaza kwa sababu ya mama. Alilala kwenye nyasi maisha yake yote, tukasema walau huko aendako awe na sakafu. Sasa andika barua. Waambie bikoni yao haina saruji, si bikoni, ni tope. Tope halina mpaka."

Hilo Eustace hakuwa amelifikiria, na lilikuwa wazo zuri kuliko yote aliyowahi kuyasikia. Aliandika kurasa nne. Alieleza uchanganyaji mzima kwa vipimo, alitaja kaburi, alitaja mfuko mmoja mmoja, akajiita mwizi mara saba, kisha akaona saba ni nyingi akafuta mbili. Kibwana akaipeleka mjini. Eustace akafungasha sweta, mswaki, rozari na kopo la majani ya chai, akavaa ile suruali ya kanisani, akakaa kando ya barabara kusubiri pingu. Alisubiri siku tatu. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alijisikia mwanamume mwenye uzito, na watu waliopita walimpa pole, naye akazipokea kwa unyenyekevu ambao baadaye ulimtia aibu.

Siku ya nne Bwana Luqmani alifika na gari la ofisi. Hakuwa na pingu. Alikuwa na kopo la rangi nyekundu na brashi.

"Shikamoo, mzee. Tumesoma barua yako. Uaminifu wa namna hii ni nadra sana, na mkuu wangu ameagiza nikupe pongezi kwa mdomo, ya maandishi itafuata." Alitembea hadi shambani, akazunguka kaburi la Bi. Yuliana, akatoa kalamu yake, akaligonga. Lililia vizuri kuliko bikoni zote za Julai. "Kwa hiyo saruji ya serikali ya bikoni namba kumi na nne iko hapa."

"Iko hapo, ndiyo, lakini..."

"Basi bikoni namba kumi na nne ni hii. Ile nyingine, kama ulivyoeleza mwenyewe kitaalamu, ni tope." Akamkabidhi brashi. "Na hii haisogei. Mmetusaidia mno."

Mjomba Castory alikuwa ameitwa, akafika na fimbo yake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na shamba lililo juu ya kaburi?" akauliza. "Pale ilipoanzia bikoni kule, mpaka hapa. Hatua sitini zile?"

"Hizo zilishaandikwa, mzee wangu," akasema Bwana Luqmani kwa masikitiko ya kweli. "Daftari linakwenda mbele tu."

"Na hapa?" Mjomba akanyoosha fimbo kwenye kaburi. "Ndugu zake wakitaka kumfagilia?"

"Kugusa alama ya mpaka ni kosa. Isipokuwa mtumishi wa ofisi."

Wote wakamtazama mtumishi wa ofisi. Mtumishi wa ofisi alichovya brashi kwenye kopo, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akaandika 14 iliyolala kidogo upande wa kushoto. Alilia akiandika, waziwazi, kamasi zinamtoka, na hakuna aliyemzuia wala aliyembembeleza. Prisca alikuwa amesimama upande wa chini, ameshika kiuno. Alimwambia tu kwamba moja imekuwa fupi, airefushe.

Pongezi ya maandishi ilifika Aprili na masika. Ile iliyokuwa bikoni ya zamani, sasa haina namba wala hadhi, iliendelea kushuka kila siku ya joto. Mwishoni mwa Machi ilipita jikoni kwa Prisca, ikaingia kwa mlango wa uani, ikatokea wa mbele, kuku wakaipisha, na kwa kuwa ilikuwa tope hakuna aliyeandika chochote. Mara ya mwisho ilionekana inavuka barabara ya Matombo. Kwenye kikao cha ukoo baada ya mavuno mkeka wa Eustace ulikuwa karibu na mlango. Yeye mwenyewe aliutazama akauvuta kidogo zaidi, hadi kizingitini, na shangazi mmoja akampa viatu vyake amshikie.

Tarehe mbili Novemba, sikukuu ya marehemu wote, ukoo ulipanda kwenda kwa Bi. Yuliana baada ya misa. Walikuwa watu kama ishirini, na maua na mafagio na mishumaa. Walisimama upande wa chini, umbali wa hatua moja kutoka kwenye kile kibaraza alichowajengea Eustace wakalie. Padre alirusha maji ya baraka kutoka alipo, akainua mkono zaidi kidogo, na mengi yalifika. Kisha wote wakamkabidhi Eustace vitu vyao.

Akaingia peke yake. Mgeni wa Prisca, mtu wa mlangoni, alifagia kaburi la mwanamke ambaye hakuwa damu yake, huku watoto wa tumbo la yule mwanamke wakimwelekeza kutoka ng'ambo.

"Hapo kushoto kuna jani."

"Nimelitoa."

"Na nyuma ya msalaba."

"Nimepafuta."

Akapanga maua. Akawasha mishumaa ishirini, mmoja mmoja, akitaja kwa sauti jina la aliyeutoa. Ilikuwa saa saba mchana na mishumaa haikusubiri moto uiyeyushe. Ilijikunja yote kwenye joto, ikainama, ikatiririka juu ya bamba hadi kwenye ile namba nyekundu. Kaburi lenyewe halikulainika hata pembe. Wale wa chini waliimba wimbo mmoja, wakaanza kuondoka wawili wawili, mpaka akabaki Prisca.

Eustace alisoma kipimajoto, akakaa kwenye kibaraza, akafungua daftari.

"Mama kashuka leo?" Prisca akamuuliza.

"Hajasogea."

"Umeandika?"

"Nimeandika. Thelathini na nne. Sifuri."

Prisca alisogea hadi ukingoni mwa mpaka. Alikuwa amevua viatu, vidole vyake viko kwenye mstari kabisa.

"Andika na mimi nilikuja," akasema. "Asije akasema sikuja."

Eustace alitafuta pa kuandika. Aliangalia safu ya joto, ilikuwa imejaa, na safu ya hatua ilikuwa na sifuri yake. Palibaki safu moja tu yenye nafasi ya majina, ile ya wavamizi. Akalamba ncha ya kalamu, akaandika jina la mkewe kamili, kwa mwandiko mzuri, akamwonyesha. Prisca alilisoma kutoka pale alipo, akatikisa kichwa kwamba ni sawa, akavaa viatu vyake, akashuka kwenda kupika.